Faji zilizokufa zinavyofufuana: shajara ya mradi wa darasa letu, Bukavu

Septemba, masomo yanapoanza

Mradi umekubaliwa. Wanafunzi wa mwaka wa sita, wale wa biolojia na kemia, wataandaa vitu vitatu kabla maandalizi ya mtihani wa Taifa hayajawameza: kijitabu cha Kiswahili, programu ndogo ya kompyuta, na kielelezo cha karatasi ambacho hata mtoto wa madarasa ya chini ataweza kukishika na kukiendesha kwa mikono yake. Mada ni moja: jinsi virusi vinavyoshambulia bakteria vinavyokarabati DNA yao iliyoharibika kwa kuunganisha upya jeni za virusi viwili au zaidi.

Nimeipigania mada hii na sababu yake naiandika hapa mapema. Katika masomo yetu muunganiko mpya wa jeni hutajwa mahali pamoja tu, kwenye mgawanyiko wa seli za uzazi. Mwanafunzi anamaliza shule akiamini kwamba kazi yake yote ni kuwafanya watoto wasifanane kabisa na wazazi wao. Upande wa pili, ukarabati wa DNA, anausikia akifika chuo kikuu, kama atafika. Na wengi wao hawatafika. Nawajua, najua nyumba zao za Kadutu na Bagira, najua ada inavyotafutwa. Basi wausikie hapa, na wausikie kwa lugha wanayoiotea ndoto.

Faji, yaani bakteriofaji, ndivyo virusi hivyo vinavyoshambulia bakteria; zilielezwa na Frederick Twort huko Uingereza mwaka 1915, kisha na Félix d'Hérelle mjini Paris mwaka 1917. Sisi tutaifuata hasa ile iitwayo T4, inayoishi kwa bakteria E. coli wa matumbo. DNA yake ni ya nyuzi mbili, ina jozi za herufi 168,903 (herufi ni viungo vya kemia ambavyo DNA huandikwa navyo) na jeni zipatazo 300. Ikiingia kwenye bakteria katika joto la mwili wetu, baada ya karibu nusu saa bakteria hupasuka na kumwaga faji changa mia moja au zaidi.

Hatutaotesha bakteria yoyote. Hatuna taa ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, wala kabati la joto, na chumba ambamo watoto wanakula mandazi saa nne si mahali pa kufugia E. coli. Tutafanya kazi kwa hesabu na kwa karatasi.

Oktoba, wiki ya kwanza

Leo tumeingia kwenye fumbo lenyewe. Mwaka 1947 Salvador Luria, Mwitaliano aliyekuwa amekimbilia Marekani, alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Indiana. Alizipiga faji kwa miale ya urujuanimno mpaka karibu zote zikashindwa kuzaa. Faji moja iliyopigwa hivyo ikiingia peke yake kwenye bakteria, bakteria hufa na hakuna faji changa inayotoka. Lakini bakteria ikiingiwa na mbili, tatu au nne, ambazo kila moja ikipimwa peke yake ni maiti, faji hai hutoka. Sisi tumeliita jambo hili ufufuo wa pamoja.

Niliwakumbusha wanafunzi hali ya elimu wakati huo. Mwaka mmoja kabla yake, 1946, Max Delbrück na Alfred Hershey walikuwa wametangaza, kila mmoja kwa majaribio yake, kwamba faji mbili zikiwa ndani ya bakteria moja zinabadilishana sifa. Lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba jeni za faji ni DNA. Jaribio la Hershey na Martha Chase lililomaliza ubishi huo lilikuja mwaka 1952. Luria alikuwa anashika kitu gizani. Alichopendekeza ni kwamba urithi wa faji umegawanyika katika sehemu nyingi, kidonda kinaua sehemu iliyopigwa tu, na faji zilizokutana huchangiana sehemu zilizo nzima mpaka ikakamilika moja isiyo na kidonda.

Mwenzangu wa hesabu aliligeuza wazo hilo kuwa fomula ubaoni, na hapo darasa liliamka. Tuseme jenomu, yaani DNA yote ya faji, ina sehemu 20, na kila faji imepata kwa wastani vidonda 5 vya kuua, vilivyotawanyika ovyo. Faji iliyo peke yake hupona pale tu ambapo haikupata kidonda hata kimoja, na nafasi hiyo ni takriban 0.7%. Faji mbili zikikutana bila kusaidiana, nafasi ya kwamba angalau moja ni nzima ni takriban 1.3%. Zikichangiana sehemu, nafasi inaruka hadi 37%. Zikiwa tatu, 80%. Zikiwa tano, karibu 99%.

Nataka msomaji arudie kuzitazama namba hizo. Hakuna kilichobadilika katika uharibifu: kila faji bado ina vidonda vyake vitano. Kilichobadilika ni kwamba sasa kifo kinahitaji sehemu ileile ipigwe katika faji zote kwa mpigo, na bahati mbaya ya namna hiyo ni adimu.

Binti mmoja wa dawati la mbele aliuliza swali ambalo lilitupatia ukurasa mzima wa programu. "Mwalimu, ni nani anayezikutanisha ndani ya bakteria moja?" Hakuna anayezikutanisha, ni wingi wao tu. Kama idadi ya faji ni sawa na ya bakteria, hesabu ya Poisson, ile ya matukio yanayoanguka ovyo, inasema 37% ya bakteria hazitapata faji yoyote, 37% zitapata moja, na 26% tu zitapata mbili au zaidi. Faji zikiwa mara tatu ya bakteria, wasiopata ni 5%, wa moja ni 15%, na wa mbili au zaidi ni 80%. Pale ambapo faji ni chache, zilizokufa zinabaki zimekufa.

Oktoba, umeme umekatika

Kompyuta zimelala. Wanafunzi wameendelea na kikokotoo na chaki, kila kundi likichukua idadi yake ya vidonda. Jedwali lao la ubaoni na lile la programu vinakubaliana. Nimeamua jedwali la mkono liingie kwenye kijitabu pia, kwa ajili ya shule ambazo hazina kompyuta kabisa.

Oktoba, mwisho wa mwezi

Fomula ya Luria ni nzuri, na haitoshi. Renato Dulbecco, aliyekuwa naye Indiana na kuishughulikia pamoja naye, aliipima tena kwa ukali mwaka 1952 na kuonyesha kwamba kwa vipimo vikubwa vya miale matokeo hayaifuati. (Dulbecco huyohuyo, mwaka 1949, alitambua kwamba faji zilizopigwa zinafufuka pia kwa mwanga wa kawaida, ambao unakiamsha kimeng'enya cha bakteria kinachofungua vidonda vya urujuanimno. Ndiyo maana maabara za faji hujihadhari na mwanga zinapopima ukarabati wa aina nyingine.)

Tatizo liko kwenye neno "sehemu". Jenomu ya T4 haina vipande ishirini vilivyolala tayari kama viungo vya kubadilishana. Ni molekuli moja ndefu, na popote inapoweza kukatika na kuungana tena na mwenzake, itafanya hivyo. Kwa hiyo tumeandika toleo la pili la programu. Sasa vidonda vinaangukia mahali popote kwenye mstari wa herufi 169,000, na faji mbili zinashindwa pale tu ambapo kidonda cha moja kimeangukia karibu mno na kidonda cha nyingine, kiasi kwamba hapabaki kiolezo kizima cha kunakili kati yao.

Karibu mno ni kiasi gani? Hapa ndipo biolojia inapoingia ndani ya hesabu. Tukiweka umbali wa herufi 1,000, faji mbili zenye vidonda vitano vitano zinafufuka takriban mara tatu kati ya nne. Tukiweka herufi 5,000, zinafufuka karibu mara tatu kati ya kumi. Hizo ni namba za kielelezo chetu na si vipimo vya maabara, lakini zinatuelekeza tuulize lililo muhimu: ncha ya DNA iliyokatika inaliwa kiasi gani kabla ya kutengenezwa, na ni nani anayeila?

Novemba, mvua kila mchana

Karatasi zimeanza. Tumekusanya kalenda za zamani, maana karatasi yake ni ngumu na upande wa nyuma ni mweupe. Kila DNA ni tepe mbili zilizobandikwa pamoja, kila utepe umeandikwa herufi za alfabeti badala ya jeni, na kila ncha ina alama ya upande: 5 au 3, namba ambazo wanakemia huzipa ncha mbili za kila uzi wa DNA. Kundi moja linakata, kundi jingine linatengeneza, la tatu linaandika kila hatua.

Nitaueleza mchakato wa T4 kama wanafunzi walivyouendesha mezani, kwa sababu mpaka sasa sijapata njia bora kuliko hiyo.

Kwanza kidonda. Miale ya urujuanimno yenyewe kwa kawaida haikati DNA. Inazifunga pamoja herufi mbili za thimini zilizo jirani, na mashine ya kunakili ikifika hapo inakwama. T4 ina kimeng'enya chake cha kung'oa vifungo hivyo, kinachotokana na jeni denV, na ndiyo sababu inaustahimili urujuanimno karibu mara mbili ya ndugu yake T2 asiye nacho. Lakini kinachobaki bila kung'olewa huacha pengo katika nakala, na mara nyingine pengo huishia kuwa mkato wa nyuzi zote mbili. Miale ya eksi hukata moja kwa moja.

Mkato wa nyuzi mbili ndio uliowatisha wanafunzi. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake bado anashikilia na bado ana kumbukumbu ya herufi zilizopotea. Zote mbili zikikatika, pale hapana tena wa kumuuliza. Lazima itafutwe DNA nyingine yenye maandishi yaleyale.

Protini mbili, gp46 na gp47 (gp ni kifupi cha zao la jeni, na namba ni ya jeni yenyewe), zinafanya kazi pamoja na kuongoza kuliwa kwa uzi unaoishia 5, hivyo uzi unaoishia 3 unabaki umening'inia peke yake kama mkia. Mkia ulio uchi haudumu; mara moja unafunikwa na gp32, protini inayoshika DNA ya uzi mmoja. Hii ndiyo protini ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, na Bruce Alberts na Linda Frey waliieleza mwaka 1970. Kisha inakuja UvsY, kazi yake ni kumfungulia njia UvsX ashike nafasi ya gp32 kwenye mkia. UvsX inajipanga kando ya mkia mzima, na mkia uliovishwa hivyo unaanza kupekua DNA nyingine zilizomo ndani ya bakteria. Ukikuta mahali ambapo herufi zinalingana na zake, unapenya katikati ya nyuzi mbili, unaoana na mmoja na kumsukuma mwingine pembeni, ambaye anabaki ametanuka kama kitanzi.

Mezani hatua hii inahitaji mikono minne, na ni vizuri iwe hivyo. Mwanafunzi anayeshika mkia anapita herufi kwa herufi juu ya DNA ya wenzake mpaka M N P zake zikutane na M N P zao.

Kuanzia hapo ncha ya 3 ya mkia inageuka kuwa mwanzo wa kunakili. Polimerasi ya T4, gp43, ambayo ni mashine ya kunakili, inairefusha kwa kusoma ile DNA iliyoingiwa, na maandishi yaliyopotea yanarudi. Mwishoni panabaki makutano ya njia nne, yale ambayo Robin Holliday aliyapendekeza mwaka 1964, ambapo molekuli mbili zimeshikana. T4 ina mkasi wake wa kuyatenganisha, protini gp49, inayojulikana pia kama endonukleasi VII. Ligasi, gp30, inafunga nyufa zilizobaki.

Yote haya yana jamaa zake ndani yetu. UvsX ni ya ukoo mmoja na RecA ya bakteria na RAD51 ya binadamu. Protini gp46 na gp47 ni za ukoo wa RAD50 na MRE11 zetu. Kazi ya UvsY, ya kumwingiza UvsX mahali pa gp32, kwetu inafanywa na BRCA2, ile ambayo jeni yake ikiharibika humuongezea mwanamke hatari ya saratani ya titi. Nilipolisema hili darasani, sauti za kando zilikoma. Kuna wanaouguza nyumbani.

Novemba, siku mbili baada ya hapo

Sitaki jambo hili lipotee katikati ya mengine, kwa hiyo nalipa nafasi yake.

Mvulana mmoja wa kundi linalonakili alikuwa na DNA nzima kabisa, ambayo hakuna aliyeikata. Alikuwa anajizoeza kunakili kwa kawaida, kutoka ncha hadi ncha. Akaniita. "Mwalimu, hii haijavunjika, lakini nikimaliza kuinakili ina mkia."

Alisema kweli. Polimerasi zote za DNA hunakili kuelekea upande mmoja, na kila moja huhitaji kianzio cha kushikia. Kwenye uzi mmoja kazi inateleza mpaka mwisho. Kwenye uzi wa pili kazi huenda vipande vipande, na kipande cha mwisho kabisa hakina pa kuanzia. Ncha ya 3 ya kiolezo inabaki bila kunakiliwa, uzi mmoja umening'inia. DNA yoyote iliyonyooka ina shida hiyo. Seli zetu huitatua kwa telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu. T4 haina telomerasi.

T4 ina mkia, na ina UvsX. Mkia ule wa mwisho wa kunakili unafanana kwa kila hali na mkia wa DNA iliyokatika, na T4 inaushughulikia vilevile: unavishwa, unapekua, unapenya kwenye DNA nyingine, na kunakili kunaendelea kutokea hapo. Protini gp59 inampandisha gp41, anayefungua nyuzi mbele ya mashine, na uma mpya wa kunakili, pale nyuzi zinapoachana na kunakiliwa, unaondoka. Inawezekana kwa sababu ya namna T4 inavyobeba jenomu yake. Kichwa cha faji kinashindiliwa DNA mpaka kijae, na kinaweza kuchukua kidogo zaidi ya jenomu moja, kwa hiyo maandishi ya mwanzo yanarudiwa mwishoni, takriban 3% ya ziada. Tena kila faji huanzia mahali tofauti: moja ni A hadi Z kisha A, nyingine ni K hadi J kisha K. Ncha ya mmoja inaangukia katikati ya mwingine. Mkia haukosi pa kuingia.

Aliyeliona hili kwa ukamilifu ni Gisela Mosig wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Mwaka 1982 yeye na Andreas Luder walionyesha kwamba T4 ina njia mbili za kuanzisha kunakili. Mwanzoni mwa maambukizi inatumia vianzio maalumu kwenye jenomu, vinavyowashwa na polimerasi ya RNA ya bakteria. Baadaye njia hiyo inazimwa, na tangu hapo kunakili karibu kote kunaanzia kwenye muunganiko wa jeni. Ushahidi uko pia kwenye faji zenye kasoro: zile ambazo jeni 46 au 47 imeharibika huanza kutengeneza DNA vizuri tu, halafu husimama njiani.

Huu ndio moyo wa kijitabu chetu na nitaugombea mpaka mwisho. Kwa T4, kukarabati na kunakili ni kazi moja. Haina kikosi cha dharura kinachongoja ajali. Vyombo vinavyoiokoa siku ya miale ni vilevile inavyovihitaji kila siku ili kuzaa. Ndiyo maana ufufuo wa Luria unawezekana. DNA iliyokatwakatwa ikiwa na ndugu zake ndani ya bakteria moja ina ncha nyingi, na kila ncha ni mahali pa kuanzia.

Mvulana yule ameombwa aandike ukurasa huo mwenyewe. Nimemwambia asinifuate mimi, afuate mkia wake.

Desemba, kabla ya likizo

Faji ya pili ya kijitabu ni lambda, jozi za herufi 48,502. Tunaihitaji kwa mambo mawili.

La kwanza ni jaribio la Matthew Meselson na Jean Weigle la mwaka 1961. Kabla yao ilibishaniwa kama muunganiko ni kukata na kuunga DNA zenyewe, au ni kunakili huku ukirukaruka kutoka kiolezo kimoja hadi kingine. Wao waliifanya DNA ya lambda iwe nzito kwa kaboni 13 na nitrojeni 15, wakaichanganya na nyepesi ndani ya bakteria, kisha wakazizungusha faji changa katika chumvi ya sesiumu ili zijipange kwa uzito. Baadhi ya zilizochanganya sifa za wazazi wawili zilibeba ndani yake DNA ya mzazi ile nzito. Kukata na kuunga kuko.

La pili ni vita na mwenyeji. Bakteria ina mashine iitwayo RecBCD inayoshika ncha yoyote ya DNA na kuitafuna kwa kasi, mpaka ikutane na herufi nane, GCTGGTGG, zinazobadilisha mwenendo wake na kuifanya iandae ukarabati. Kwa faji, mashine hiyo ni kifo. Lambda inaifunga mdomo kwa protini Gam. T4 inazifunika ncha zake kwa gp2. Baada ya hapo lambda inafanya ukarabati wake kwa protini mbili tu: Exo, inayokula uzi wa 5 na kuacha mkia wa 3, na Beta, inayoushika mkia huo na kuuoanisha na uzi mwingine unaolingana nao. Urahisi huo umewapa watafiti zana: tangu mwisho wa miaka ya 1990 protini hizi hutumika kuingiza mabadiliko yaliyokusudiwa kwenye jenomu za bakteria.

Hapa nimeongeza aya ambayo mwenzangu wa hesabu anasema imezidi, nami nimeiacha. Ndani ya jeni td ya T4 kuna kipande cha ziada kinachobeba maagizo ya mkasi, I-TevI. Mkasi huo unakata jeni td ya faji nyingine isiyo na kipande hicho. Faji iliyokatwa inajikarabati kama kawaida, kwa kunakili kutoka kwa ile iliyo nzima, na katika kunakili inachukua na kile kipande. Ukarabati umegeuzwa njia ya kuenea. Mtoto anayesoma anapaswa kujua kwamba chombo kimoja kinaweza kutumikia zaidi ya bwana mmoja.

Januari, mkutano na wazazi

Tulionyesha karatasi na programu. Wazazi wengi walishika mikasi wenyewe. Kisha mama mmoja anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni Kadutu akasimama na kuuliza: "Mwalimu, sisi tunaweka maji juani kwenye chupa ili vijidudu vife. Mnatuambia vilivyouawa na jua vinafufuana. Tuache?"

Nilimshukuru, kwa sababu swali hilo lilikuwa zito kuliko yote tuliyoulizwa mwaka huu. Nikamjibu: hapana, Mama, msiache. Virusi tunavyovisema vinaishi kwa bakteria, havishambulii seli za mtu. Vinafufuana ndani ya bakteria hai tu, tena vikiwa vingi ndani ya moja. Na jua linalovipiga linawapiga na bakteria wenyewe. Chupa iwe safi na angavu, maji yasiwe na matope, yakae juani saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili. Mwenye makaa ya kutosha achemshe, hiyo inabaki njia ya uhakika zaidi.

Lakini swali lake limetuongezea sura. Huku Kivu kipindupindu si habari ya kusoma. Julai 1994 kiliwaua wakimbizi kwa maelfu pale Goma, na hakijawahi kuondoka kwenye fukwe za ziwa. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na faji, CTXφ. Faji hiyo inaingia kwenye kromosomu ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, kwa kutumia XerC na XerD, protini za bakteria mwenyewe ambazo kazi yake ya kawaida ni kutenganisha kromosomu zilizoshikana. Muunganiko huu ni wa aina nyingine: unatokea mahali maalumu pa herufi chache, hauhitaji mlingano mrefu kama wa UvsX. Bila faji hiyo, bakteria haina sumu inayokausha mwili. Mama yule ameomba nakala ya kijitabu iliyochapwa kwa herufi kubwa. Ataipata.

Februari, hali ya mradi

Programu iko tayari na inaendeshwa hata kwenye kompyuta kuukuu za shule. Toleo la sehemu ishirini na toleo la mstari yote mawili yamo, ili msomaji aone wazo la Luria lilipofika na lilipokwama. Kijitabu kimechapwa isipokuwa sura ya kipindupindu na mchoro wa makutano ya njia nne, ambao tumeuchora mara kadhaa na bado haueleweki kwa mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Kundi la michoro linajaribu kuutengeneza kwa tepe za rangi mbili na kuupiga picha.

Wiki ijayo tunapeleka karatasi kwa wanafunzi wa mwaka wa nne, ambao hawajasikia lolote. Tumekubaliana kuwapa kwanza DNA nzima, bila mkasi, na kuwaomba wainakili tu mpaka mwisho. Mvulana wa mkia ndiye atakayekaa nao.